Taya Zangu na Imondo ya Ukweni

Wacha niseme mwenyewe kabla senge, yule shangazi wa ukweni, hajawafikia, maana akiisimulia yeye anaongeza chumvi mpaka hailiki: ni kweli, mimi ndiye yule mkwe aliyeaibishwa na mbwa sebuleni kwa watu, huko Bungoma, siku ya kujitambulisha. Chekeni, nimezoea. Mkimaliza mnisikize, kwa sababu sehemu nyingine ya hii hadithi siionei haya hata kidogo.

Mimi nina taya. Si kama zenu, hapana, hapa chini ya masikio nimejaa pande zote mbili, uso umekuwa mraba kama debe. Nauza mbegu na dawa za mifugo Kitale, wakulima wananiita daktari (sijasomea, lakini hakuna ng'ombe amewahi kulalamika), na kutoka nikifungua duka mpaka nikifunga nilikuwa natafuna mukombero, ule mzizi wetu mgumu, mtamu kidogo halafu mkali. Wateja wageni walikuwa wananipa pole. "Pole daktari, jino limevimba?" Halijavimba mama, huu ndio uso wangu, nikupimie dawa ya kupe?

Hiyo haikunisumbua. Kilichonimaliza ni picha. Nekesa, msichana niliyekuwa nataka kuoa, alituma picha yangu kwa grupu ya familia yao, na senge wake, yaani dada ya babake, akajibu mbele ya ukoo mzima: "Huyu ameficha hindi la kuchoma mdomoni?" Nekesa alicheka, akanionyesha. Mimi pia nikacheka, lakini bana, ilinikaa hapa kifuani kama ugali wa jana.

Basi nikasikia kuna mama fulani wa saluni anadunga watu sindano ya kupunguza taya. Mtu mwenye akili angemuuliza amesomea wapi, mimi nilimuuliza tu kama inauma, na mnajua kwa nini? Kwa sababu nadunga ng'ombe kila siku, na kwa kichwa changu sindano ni sindano, unatafuta nyama, unadunga, unasugua, unaenda zako. Tena nikamwambia aongeze kidogo, si ng'ombe mkubwa hupewa dozi kubwa? Akaongeza!

Siku ya kwenda kwao Nekesa, upande wa Ndalu huko Bungoma, ilikuwa kama wiki mbili baadaye. Taya bado zilikuwa kubwa vilevile, kumbe nguvu ya kutafuna ndiyo hutoka kwanza, ukubwa unafuata polepole. Asubuhi nilichovya mkate kwa chai na bado taya zikachoka. Nikitabasamu, mdomo unaenda upande mmoja. Nikajiambia ni wasiwasi wa ukwe, nikavaa koti nililoazima kwa binamu yangu, nikaenda.

Ugali uliteremka, mboga pia. Halafu senge akaingia na kisahani kimoja, amekishika kwa mikono miwili. Imondo. Firigisi ya jogoo, bana, ambayo kwetu haipewi mtu hivi hivi, ukipewa ukweni maana yake wamekukubali, na usipoila umewatukana wote, walio hai na waliolala. Mama mkwe alikuwa jikoni, kwa heshima hatukai meza moja, lakini nilimwona akichungulia kwa pazia.

"Kula, mkwe," senge akasema. "Hiyo taya ni ya kazi hii."

Nikatia mdomoni. Huyo jogoo nafikiri alianza kuwika Nekesa akiwa shule ya msingi. Nikauma, hakuna. Nikahamisha upande wa pili, hakuna, ni kama kutafuna tairi kwa ufizi. Kuimeza nzima ningekufa hapo hapo, kuitema ni matusi, na wakati huo huo babake Nekesa akainuka na kusema, "Sasa mgeni atuombee."

Jamani, mngefanya nini? Nilijifanya nakohoa, nikaitoa kwa leso, nikaitia mfuko wa koti. Nikasimama, nikafumba macho, nikaanza kushukuru Mungu kwa familia hii yenye ukarimu. Nikasikia koti linavutwa. Nikafikiri ni mtoto. Nikaendelea kuombea mvua. Likavutwa tena, mfuko ukapasuka kraaa, na nilipofungua macho mbwa wao alikuwa katikati ya sebule na leso yangu, na imondo inabiringika sakafuni mbele ya wazee.

"Imondo yetu!" senge akapiga kelele. "Ametupia mbwa imondo yetu!"

Nikajaribu kueleza, na ule mdomo mjinga ukavutika upande mmoja.

"Na bado anatucheka!"

Babake Nekesa hakupiga kelele, na hiyo ilinichoma zaidi. "Kijana, kama humtaki binti yangu ungetuambia kwa mdomo. Nenda nyumbani."

Nekesa alinifuata mpaka kwa geti, nikamwambia ukweli wote. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. "Nani alikwambia nachukia taya zako?"

"Senge wako..."

"Kwani ni senge unaoa? Usirudi hapa mpaka urudi na uso wako."

Nikaenda kwa daktari wa meno, wa kusomea sasa. Akanishika hapa, akaniambia niume, akatazama magego yalivyoisha, akaniuliza kama nasaga meno nikilala (nasaga, ndugu zangu walikuwa wananikimbia chumbani). Akasema huo ni msuli wa kutafuna, umekua kwa kazi kama mkono wa mpasua kuni: mchana mukombero, usiku kusaga meno. Nipunguze kutafuna, nivae kifaa cha plastiki cha kulinda meno nikilala. Hiyo sindano ipo kweli, lakini ni ya daktari aliyefunzwa, akishahakikisha si jino wala tezi iliyovimba. Nguvu itarudi yenyewe. Nikamuuliza, na nikiziacha hivi? Akasema kama haziumi, ni sura tu.

Sura tu! Na mimi nilikuwa nimeuza mke kwa hiyo.

Siku ya aibu mahindi yalikuwa ya kupalilia. Niliporudi kwao yalikuwa yamevunwa, na hakuna aliyenialika. Nilibeba jogoo wa mama yangu kutoka Saboti, mzee, mwenye kucha kama za mwewe, nikamkabidhi senge mlangoni. Nikawaeleza wote habari ya sindano, bila kuficha, halafu nikasema, "Sikuja kubembeleza. Nimekuja kula imondo yangu."

Wakaipika. Nikaitafuna nikimtazama senge machoni, polepole, mpaka ikaisha, halafu nikaomba shingo, nikaisaga na mifupa. Babake Nekesa alianza kucheka kwanza. Senge alijizuia, akajizuia, mwishowe akasema, "Haya, haya, tumeona, usimalize sahani."

Mukombero nimepunguza, kifaa navaa, lakini sindano tena ni ya ng'ombe peke yao. Na siku ya harusi, mpiga picha aliponiambia nigeuke kidogo ili uso uonekane mwembamba, nilimshika Nekesa mkono nikasimama wima. "Piga mbele," nikamwambia, "na uhakikishe taya zote mbili zimeingia. Hiyo picha inaenda kwa grupu ya familia."