Mlio wa Pili

Kaka yangu alianza kusumbuliwa na sauti kabla hatujajua anaugua nini. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Kaloleni na mama. Jirani akikwaruza sufuria, kaka aliziba masikio.

"Vyote vinaingia pamoja," aliniambia. "Sufuria, redio, hata pumzi zako."

Baadaye ikaja sauti isiyo ya mtu yeyote, ikimwita kwa jina. Hospitali ikatuambia ni ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia.

Dawa zilimtuliza. Ndipo daktari wake alipotuomba tushiriki utafiti, yeye kama mgonjwa, mimi kama ndugu asiyeugua. Nilikubali ili asiende peke yake.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sponji nene. Mtafiti, mama mmoja mpole, alimvisha kaka kofia ya wavu iliyojaa nyaya, akamtia jeli kichwani, kisha hedifoni masikioni.

"Utasikia milio miwili, halafu kimya, halafu miwili tena," alisema. "Wewe kaa tu. Mashine itapima umeme wa ubongo wako."

Nilimtazama kwenye skrini ya chumba cha pili. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu anayengojea kung'olewa jino.

Zamu yangu ilipofika sikuona la ajabu. Tk, tk. Kimya. Tk, tk. Karibu nisinzie.

Tulipomaliza nilimuuliza mtafiti alichokuwa anatafuta.

"Ubongo wa watu wengi huujibu mlio wa kwanza kwa nguvu," alisema. "Wa pili huujibu kidogo tu, kwa sababu umeshaujua. Wa kaka yako unaijibu yote miwili sawa, kama vile kila mara ni mara ya kwanza."

"Na wangu?"

Alipanga nyaya zake polepole. "Wako unafanana na wake."

Akaongeza haraka kwamba hilo huonekana kwa ndugu wengi, kwamba si ugonjwa, na wengi wao hawaugui kamwe. Nilimsikia vizuri. Kwenye ngazi nilianza kuhesabu milio ya viatu vyetu.

Tukiwa njiani kaka alitaka kujua ubongo wangu umesemaje. Nilimwambia. Alisimama kando ya barabara, watu wakitupita, akanitazama kwa macho matulivu ambayo sikuwa nimeyaona kwa muda mrefu.

"Ukianza kusikia unaitwa, usifiche kama mimi," alisema. "Niambie kwanza, kabla ya mama."

Sasa ninaishi mtaa wa Tassia, na bado niko mzima. Kaka hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Huniuliza kuhusu kazi na chakula, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Na kule kwingine?"

"Kumetulia," humjibu.

Juzi nilikuwa nikianika nguo nikasikia naitwa, nikageuka kumwitikia mtu. Hapo kwenye paa nilikuwa peke yangu. Huenda ni jirani wa ghorofa ya chini aliyekuwa akiita wanawe. Jumapili bado haijafika, na simu ya kaka ninaingoja.