Yupah wa Ng'ambo ya Mlima

Tepu Ribuh alivuka mpaka kuingia Indonesia akiwa amekalia gunia la mchele nyuma ya pikapu, yeye na wanawake wenzake watano wa kikundi cha maombi cha kijiji chao cha Bario. Walikuwa wakienda vijiji vya Krayan, ng'ambo ya mpaka, kupita nyumba kwa nyumba, kuwaombea wagonjwa, waliogombana, na wanafunzi wanaongoja mitihani. Lakini Tepu Ribuh alikuwa na safari nyingine ndani ya safari hiyo, na hakumficha mtu.

"Namtafuta Yupah," alimwambia hata askari wa mpakani, ambaye hakuwa amemuuliza.

Yupah alikuwa rafiki yake wa usichana. Zamani, kila msimu wa mavuno, watu wa Krayan walivuka mlima kwa miguu kuja Bario kuvuna mpunga, na wasichana hao wawili walivuna bega kwa bega, wakalala mkeka mmoja, wakacheka usiku hadi wazee wakawatupia viatu. Kisha Yupah akaolewa kwao, asionekane tena. Miaka arobaini! Hivi inawezekana kweli mtu akakaa miaka yote hiyo ng'ambo ya mlima mmoja tu bila kumwona rafiki yake? Inawezekana. Kuna watoto, kuna mashamba, kuna mume anayeugua. Sasa Tepu Ribuh alikuwa mjane, na barabara ile ya matope ilikuwa imemtingisha mifupa yote. Alijua hatakuja tena. Gari lingeondoka Lembudud, kijiji cha kwao Yupah, Jumapili baada ya ibada. Ampate kabla ya hapo, au basi.

Vijana wa Lembudud walimtazama kama mtu anayeulizia treni kule milimani.

"Yupah? Bibi, hapa hakuna mtu mzima anayeitwa hivyo."

"Yupo. Mrefu, anacheka kama bata."

"Bibi, hapa wote tunacheka kama bata."

Tatizo lilikuwa majina, na alipaswa kulifikiria kabla ya kutoka nyumbani. Kwao, pande zote mbili za mlima, mtu akipata mtoto wa kwanza huchukua jina jipya, akipata mjukuu huchukua jingine, kwa karamu kubwa na nguruwe wa kuchinjwa, na lile la zamani huachwa kama gauni lisilomtosha tena mwenyewe. Yeye alizaliwa Supang, na hakuna mjukuu wake hata mmoja aliyelijua jina hilo. Yupah naye sasa alikuwa Tepu, yaani bibi. Lakini Tepu nani? Wazee ambao wangekumbuka walikuwa mashambani, wamelala vibandani wakifukuza ndege kwenye mpunga.

Jumamosi jioni kijana mmoja alikuja mbio.

"Bibi, nimempata Yupah!"

Alikuwa amemshika mkono msichana wa darasa la pili, mashavu yamejaa nanasi.

Sinah Balang, mdogo kuliko wote kikundini, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Tepu, mwenzako hajazeeka hata kidogo! Muulize anaogea sabuni gani."

"Funga mdomo wako wewe," alisema Tepu Ribuh. Hata hivyo alimwekea mtoto mkono kichwani akamwombea, maana ndicho kilichowaleta. Usiku huo wali uliopondwa na kufungwa kwenye majani aliuacha bila kuufungua.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu waliingia na miguu ya matope, wametoka moja kwa moja mashambani. Tepu Ribuh alichunguza nyuso mpaka kila bibi akaanza kufanana na Yupah. Mchungaji Agan aliwatambulisha wageni mmoja mmoja. "Tepu Ribuh, kutoka Bario." Hakuna aliyeshtuka.

Kisha akasema, "Tuombe," na wote wakaomba kwa sauti kwa pamoja kama wafanyavyo siku zote, kila mtu na lake, kanisa zima likivuma kama mvua juu ya bati. Tepu Ribuh alifumba macho. Basi, Bwana, alikuwa akisema, nimetafuta nimekosa.

Nyuma yake kulikuwa na sauti nene, haina haraka.

"Na Supang wa Bario, Bwana. Nimekuomba sana habari hii. Mpe mume. Asiwe mlevi, asiwe mvivu. Umri unakwenda, unajua mwenyewe."

Tepu Ribuh aligeuka. Bibi mrefu, macho amefumba, majani ya mpunga bado yamemnasa kwenye sketi.

"Alishanipa," alisema. "Hakuwa mlevi. Mvivu kidogo. Nimemzika mwaka juzi."

"Ngoja nimalize," alisema yule bibi. Halafu akafumbua macho.

Alicheka kama bata, tena kwa nguvu, watu wa mbele wakageuka. Walishikana mikono juu ya mgongo wa benchi.

"Kila mtu wa Bario niliyemuuliza habari za Supang alisema hamjui," alisema Yupah. "Nikasema basi, bado yuko kwao hajaolewa, wanaona aibu kumtaja."

"Nina wajukuu saba!"

"Mimi ningejuaje?" Alijifuta macho kwa kiganja. "Haya. La mume limekwisha. Sasa nikuombee nini?"

Tangu Ijumaa Tepu Ribuh alikuwa amewauliza watu wa nyumba nyingi swali hilohilo. Yeye mwenyewe hakuwa ameulizwa na mtu.

"Kuna kijana wangu wa mwisho," alisema taratibu. "Yuko mjini Miri. Tangu tumzike baba yake hajarudi nyumbani, na simu hapokei."

Yupah alisogea, akapiga benchi kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Anza mwanzo. Hao wenye gari watangoja."