Flashi ya Maman Domitila

Nichekeni taratibu, maana mimi ndiye niliyejiita "injinia" hapa sokoni Kamembe, ninapochapa barua na kutengeneza kompyuta.

Jumamosi asubuhi alikuja Maman Domitila wa Giheke na flashi. Alitaka niifomati, kisha niiwekee nyimbo za harusi ya binti yake, iliyokuwa saa nane siku hiyohiyo. Nikaichomeka, nikaanza kufomati, nikakaa kusubiri. Kompyuta ikazimika. Nikaiwasha, nikarudia. Ikazimika tena.

"Maman, flashi yako iko na virusi," nikatangaza kwa sauti, wateja wote wasikie.

"Virusi? Nimeitosha mu karatasi yake leo, ikiwa mupya!" akasema, akinionyesha karatasi aliyoitoa.

Sikukubali kushindwa. Nilibadilisha tundu la flashi, nikafungua kompyuta na kupuliza vumbi, hata nikamweleza jinsi virusi vinavyojificha ndani ya flashi mpya. Nikaanza kufomati mara ya tano. Maman alikuwa akitazama saa, nami nikiutazama mstari wa kufomati ukisogea polepole.

"Papa injinia," akasema ghafla, akiinama, "ule mguu wako uko naucheza juu ya nini?"

Nikachungulia chini ya meza. Ninaposubiri kitu kwa wasiwasi, mguu wangu hutikisika wenyewe, na kiatu changu kilikuwa kikigonga swichi ya umeme wa kompyuta pale sakafuni, kikiuzima na kuuwasha. Kabla sijakiondoa, kompyuta ikazimika.

Maman akawageukia wateja. "Batu, mukuje muone virusi. Iko navwala viatu!"