Niliajiriwa Kuwachekesha Wagonjwa wa Kiharusi

Nimewahi kuajiriwa hospitali kuwachekesha watu waliopooza uso.

Msicheke. Hata wao hawakucheka.

Bosi alikuwa shangazi yangu, daktari bingwa wa kiharusi. Asubuhi anatibu, mchana anafanya utafiti, jioni anatuamuru tutabasamu mezani aone kama midomo iko sawa.

Siku moja akaniita.

"Kuna wagonjwa ukiwaambia watabasamu, upande mmoja wa uso haunyanyuki. Wakichekeshwa kweli, unanyanyuka. Nataka kujua kama hao wanapona haraka."

"Si uwachekeshe mwenyewe, shangazi?"

"Nimejaribu. Mmoja aliomba ahamishiwe kwa daktari mwingine."

Nikapewa koti jeupe na kiti.

Akaletwa mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu. Tangu apigwe na kiharusi hajacheka, na mazoezi hataki hata kuyasikia. Mkewe ndiye anamwogesha, anamlisha, anamgeuza, peke yake. Mama huyo akanivuta pembeni.

"Mwanangu, nataka nimwone akicheka kama zamani. Mara moja tu. Nitapata nguvu ya kuendelea."

Utani ukaniisha mwilini. Lakini kazi ni kazi.

Shangazi akawasha kamera. Nikamwaga vichekesho vyangu vyote. Nikaigiza hadi mbuzi aliyefeli mtihani. Mzee akanikazia macho kama mtu anayetafuta fimbo yake ilipo.

Ila mama akacheka.

Tena akacheka upande mmoja tu, mdomo umekwenda kombo vilevile kama wa mumewe.

Nikasema moyoni, huyu mama kanizidi kuigiza.

Shangazi hakucheka. Aliinua macho kutoka kwenye kamera.

"Mama, nyoosha mikono yote miwili mbele."

Mmoja ukabaki juu. Mwingine ukashuka polepole, kama si wake.

"Machela! Haraka!"

Utafiti ukaachwa hapohapo. Kamera ikabaki inanirekodi mimi na mbuzi wangu.

Kwa kuwa kiharusi kilimkuta mama akiwa hospitali tayari, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ikawahi. Kesho yake mama anaongea vizuri tu. Nikamsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwa mkewe.

Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Umefuata nini? Kitanda nimekiwahi mimi. Nenda kafanye mazoezi, zamu hii unaniogesha wewe."

Mzee akacheka.

Pande zote mbili. Mpaka gego la mwisho likaonekana.

Mama akashika shuka, akalia.

Shangazi akaja mbio. "Umerekodi?"

"Simu haina chaji."

Kwa hiyo kisayansi, mzee yule hajacheka mpaka leo.

Tangu hapo shangazi hampokei mgonjwa bila kumpima presha na aliyemleta pia. Wengi wananuna, wanasema hawakuja kwa ajili yao.

Wewe unayeuguza mtu nyumbani, kapime presha. Mwili wako haujui kwamba mgonjwa ni mwingine.