Ukungu Mwema wa Tuta Moja

Kwenye kitalu cha misonobari walimwita Bi Usafi, na jina lilimkaa. Koleo lake aliliosha kabla halijagusa tuta la pili. Mche ukionyesha doa la ukungu, ulikuwa umeshapigwa dawa kabla wafanyakazi wenzake hawajamaliza chai. Alikuwa na haki: ukungu ulimwozeshea matuta mazima alipoanza kazi, na tangu hapo wawili hao walikuwa paka na panya.

Basi mwanawe wa pekee akasoma, akarudi kufanya kazi kwenye maabara ya kitalu hichohicho, na akachagua kushughulikia nini? Ukungu! Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Upo ukungu mwema, Mama," kijana alimwambia. Aliukuta ndani ya majani ya msonobari mmoja mzee, ambao viwavi waliupita wakala jirani zake wote. Majani yale membamba kama sindano yalionekana ya kawaida tu, kumbe ndani yamepangisha. "Mti unaupa chakula, nao ukungu unatengeneza sumu ya wadudu. Kiwavi akila, tumbo linamkataa."

"Mpangaji anayelipa kodi," mama akasema. "Huyo sijawahi kumwona."

Kijana akauotesha maabara, akaunyunyiza kwenye tuta moja la miche. Msonobari mzee wenyewe ulikuwa umeshaangushwa na upepo na kupasuliwa mbao. "Hii miche ipewe maji tu, Mama. Bomba la dawa lisipite hapa."

Mama akaahidi.

Kabla ya mvua, homa ikamchukua kijana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sitajaribu kuusimulia. Wafanyakazi wote walikuwa msibani, na chupa za ukungu pale maabara zikafa kwa kukosa wa kuzitazama. Likabaki tuta.

Bi Usafi aliporudi kazini hakubanduka pale. Aliinyweshea miche mwenyewe, akaisemesha. Asubuhi moja akaona ncha za majani zimeingia umanjano. Ahadi aliikumbuka, asisingiziwe kusahau. Lakini aliona mtoto anaumwa tena, na safari hii dawa ilikuwa mkononi mwake. Akajaza bomba dawa ya kuua ukungu, akapiga tuta zima, kisha akarudia.

Binti aliyekuwa akifanya kazi na mwanawe alikuja kuchuma majani ya kupima. Akayatazama kwa hadubini, hakuona ukungu, akawawekea viwavi. Viwavi wakala, wakanenepa. Akamwita Bi Usafi maabara.

"Mama, ulipiga dawa?"

"Ilikuwa inaumwa, mwanangu. Umanjano ule."

Binti akainamisha kichwa. "Ilikuwa njaa, Mama. Ilitaka mbolea tu."

Bi Usafi akashika ukingo wa meza. Alitaka kuomba msamaha, na wa kumwomba hayupo. "Uoteshe ukungu mwingine," akasema. "Nitakusaidia mimi."

"Wa kuoteshea hatuna tena."

Haukupita muda, viwavi wakaingia kwenye tuta lenyewe. Binti alimkuta Bi Usafi amesimama hapo na bomba mgongoni, hajui afanye nini. Akamshika bega.

"Piga tu, Mama," akamwambia kwa upole. "Piga dawa yoyote. Sasa haina neno."

Bi Usafi akalitua bomba. Akapiga magoti matopeni, akaanza kuwaokota viwavi kwa vidole, mmoja mmoja, huku akilia kwa sauti.