Shamba Nililolizindika kwa Kibuyu Kitupu

Jamani, nimekosa. Nasema yote leo maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu, na mkinitukana mtakuwa na haki.

Mimi ni mama wa kwaya, mkulima wa alizeti huku Mkalama, nje kidogo ya Iguguno. Mwaka ule wezi walitutesa! Unalala vichwa vya alizeti vimejaa, unaamka mistari mizima imekatwa. Nilishtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaitisha kikao, wezi wenyewe nadhani walihudhuria. Hakuna kilichobadilika.

Ndipo likanijia wazo la kishetani. Nikachukua kibuyu kikuukuu, nikatia majivu na manyoya ya kuku, nikakifunga kitambaa chekundu na kukitundika mtini pembeni mwa shamba. Kisha nikatangaza kisimani: "Shamba nimelizindika! Mganga katoka Sumbawanga. Atakayekanyaga humo atavimba mguu mpaka upasuke!"

Uongo mtupu! Mume wangu alikasirika sana. "Mke wangu, hawa ni majirani zetu. Tunaishi nao." Nikamjibu, "Haya, kaa na upole wako, tuone utakula nini." Mdomo wangu huu!

Mtu mwingine aliyejua ukweli ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Nilimwonyesha mwenyewe yale majivu, tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Siku ya mnada nikaenda Iguguno kuuza kuku, mume wangu akabaki shambani anavuna. Mchana akanifuata mtu wa bodaboda wa kwetu, jasho linamtiririka.

"Mama, twende! Mzee kaumwa na nyoka shambani. Hajatolewa mpaka sasa."

"Hajatolewa? Kwani hakuna watu?"

"Wapo, mama. Wengi tu. Wamesimama njiani."

Nikarukia pikipiki yake. Njia nzima nilikuwa namwambia ongeza mwendo, naye anaongeza, mimi naona kama hatusogei.

Kweli nikawakuta. Watu ninaozika nao, ninaolima nao, wamejipanga ukingoni mwa shamba langu. Mama Rehema, rafiki yangu kabisa, analia kwa sauti lakini hakanyagi. Na kutoka katikati ya alizeti namsikia mume wangu, sauti imeshakwisha: "Ni uongo jamani! Hakuna dawa! Kibuyu kitupu! Ingieni!"

Mzee mmoja akawa anawazuia. "Msiingie. Hiyo dawa ndiyo inayomsemesha. Mguu si amesema umevimba? Imemgeukia mwenyewe."

Ee Mungu wangu! Nilikirukia kile kibuyu, nikakipasua chini mbele yao, nikaokota yale majivu nikayala. Ndiyo, niliyala! "Mnaona? Ya jikoni kwangu haya! Niliwadanganya!" Nikakimbilia ndani huku nawaita. Hapo ndipo wanaume wawili waliponifuata, tukambeba.

Nyoka mwenyewe alikuwa kifutu, na alimgonga tangu asubuhi. Daktari alisema kama angefikishwa mapema, huenda mguu ungepona. Ulikatwa juu ya goti.

Tukiwa bado hospitali, shamba lote likavunwa. Na nani? Shemeji! Alipobanwa hakuona hata haya. Aliniambia usoni, "Si ulinionyesha mwenyewe kwamba hamna kitu?"

Watu wote waliokuwa na nia njema na sisi walikiogopa kile kibuyu, akaingia mmoja tu, na huyo ndiye mwizi.

Mama Rehema alikuja kutusalimia hospitali. Akanishika mkono, akasema, "Dada, nilitaka kuingia. Nikawakumbuka wanangu. Nisamehe." Yaani yeye ndiye ananiomba msamaha mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu naye hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniumiza kuliko kama angenipiga.

Ndugu yangu unayesoma, wezi watakuudhi, najua. Linda mali yako, lala shambani, shirikianeni zamu na majirani. Lakini usiwatie watu hofu ya uongo. Mwizi atachunguza mpaka ajue kama hiyo dawa ni dawa. Jirani mwema hatachunguza, atakuamini. Na siku ukianguka humo ndani ukamwita, atakusikia vizuri kabisa, na hatakuja.