Turubai la Mama Mkwe

Siku hizi nikiona mvua ya Kitale ikijaza mtaro pale sokoni, mimi sikumbuki maji. Nakumbuka turubai. Lakini ngoja nianze vizuri, maana darasani sikukaa sana na nikianzia katikati nitapotea mimi mwenyewe.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa natengeneza baiskeli Bungoma mjini, tukikaa mtaa wa chini kando ya kijito. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Bokoli kumwona shemeji yangu aliyejifungua, ploti ya pili kutoka kwetu. Sasa kwa mila yetu, mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hata mkono hawapeani. Nikimwona njiani nilikuwa naingia kwenye mahindi ya watu, na wenye mahindi walishanizoea.

Basi mchana mmoja kijito kikafurika, maji yakaingia nyumbani mpaka magotini, sufuria zikaelea. Chifu akaja na lori na kipaza sauti, ati kila mtu kanisani, serikali imeleta blanketi na turubai. Wanawake wakapanda lori, sisi wanaume tukafuata kwa miguu. Nilipofika mlangoni nikamwona mama mkwe ndani. Naye akaniona. Akajifunika uso kwa leso, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye mvua. Na kifua chake kilikuwa kibovu.

Nami nikarudi nje. Yeye nyuma, mimi mbele, na katikati yetu kanisa kavu.

Milango ilikuwa inatazamana, kwa hivyo nilisikia chifu, mtu wa kutoka mbali, akimbembeleza.

"Mama, ingia, utaugua."

"Mkwe wangu atalala wapi?"

"Si humu humu?"

"Basi mimi nitalala hapa."

"Mama, haya ni mafuriko."

"Mafuriko yataisha, mwanangu. Aibu nitarudi nayo Bokoli."

Muuza ndizi mmoja, mama asiyeogopa serikali, akamwuliza chifu, "Na hilo turubai umeleta la nini?"

"La kuziba paa lililoharibika."

"Paa la kanisa ni zima, bana. Ziba hawa wawili."

Wakalifunga toka ukuta hadi ukuta, likaning'inia mpaka karibu na sakafu. Wazee wakabishana kama turubai ni ukuta. Mmoja akasema ukuta ni kitu ambacho huoni ng'ambo yake. Wakakubaliana: hizo sasa ni nyumba mbili.

"Mlango wa nyuma ni wangu peke yangu?" mama mkwe akauliza.

"Wako, mama."

"Na yeye apite wa mbele?"

"Wa mbele."

Ndipo akaingia.

Blanketi za upande wetu ziliisha kabla hazijanifikia. Nikakaa nikitetemeka, sikumwambia mtu. Baada ya muda kitu kikasukumwa chini ya turubai. Blanketi, bado ina joto la mtu. Mkono uliosukuma sikuutazama.

Nikakohoa kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yangu. Ng'ambo naye akakohoa, na mpaka leo sijui kama lilikuwa jibu ama ni kile kifua.